Mkutano wa Wazi Mlangoni pa Bi Mwanakuu

Kila siku baada ya sala ya alasiri Bi Mwanakuu binti Suleman alisogeza kigoda chake nyuma ya mlango, akauacha mlango wazi upana wa kiganja, akaketi kusikiliza. Nje, kwenye baraza ya nyumba yake huko Kibokoni, wanaume walikunywa kahawa aliyoipika yeye na kuupanga mji. Aliposikia upuuzi aligonga sinia kwa kikombe. Mumewe alikuwa akicheka: "Haya, wa ndani amekataa," na mazungumzo yakarudi nyuma kidogo.

Kamati ya maji ya mtaa nayo ilikutana papo hapo barazani. Mpita njia aliyetaka kusema alisema. Asiyetaka alikunywa kahawa akaenda zake.

Mwaka 1947 ikaja amri ya serikali kwamba mikutano ya kamati iwe wazi kwa kila mkaazi. Mwenyekiti, Bwana Aidarus, karani mstaafu aliyependa mambo yende kwa taratibu, aliitekeleza barabara. Alikodi chumba cha ghorofani, akaweka benchi la wananchi, akatundika ubao: MKUTANO WA WAZI. WOTE MNAKARIBISHWA. Mkutano ulikuwa saa tano za asubuhi, wakati mahamali wako bandarini Shimanzi chini ya magunia na wanawake wako jikoni. Benchi lilikaa tupu. Kamati ikaamua kwamba bomba la maji la kona ya kichochoro lihamishiwe kule barabara kubwa, kwa ajili ya afya ya mtaa, na kwa kuwa hakuna aliyepinga, ikaandikwa kwamba wakaazi wote wameridhika.

Mmoja wa walioridhika bila ya kujua alikuwa Bi Mwanakuu. Mumewe alikuwa amefariki mwezi uliopita, na sasa riziki yake ilikuwa mahamri na mbaazi, alizopika ndani na kuuziwa na wifi yake Swabaha. Swabaha huyo huyo, mtu mzima mwenye magoti mabovu, ndiye aliyemtekea maji. Bomba lingekwenda barabarani, chungu kingefunikwa.

Swabaha alipomletea habari, alimwita Aidarus. Akaja, akasimama nje ya mlango.

"Mwanangu, hilo bomba mimi nalipinga."

"Vyema sana, Bi Mwanakuu. Wiki ijayo twakutana kuthibitisha. Njoo useme, mlango u wazi. Lakini amri yataka mtu aje mwenyewe."

"Niko edani, baba."

"Basi ukishatoka eda."

"Na bomba nalo litakaa eda linisubiri?"

"Amri ni moja kwa kila mkaazi, Bi Mwanakuu."

"Nawe wasema amri ni kila mkaazi," akaendelea Bi Mwanakuu. "Mtaa huu una mkaazi kunishinda mimi? Nyinyi nyote mwatoka. Mimi hata kizingiti sikivuki."

Aidarus akaenda kuisoma tena amri, na kwa bahati yake mbaya akaisoma vizuri. Mjumbe mwenzake Dawoodbhai, muuza misumari na makufuli, alimaliza ubishi: ikiwa mkaazi hawezi kuufikia mkutano, basi mkutano umfikie mkaazi.

Wiki iliyofuata benchi likateremshwa ngazi mpaka ile baraza ya zamani. Ubao nao ukateremshwa, kwani mwenyekiti hakuamini kwamba mkutano unaweza kuwa wazi bila ya ubao. Palipokosekana pa kuutundika, ukatundikwa kwenye mlango wa Bi Mwanakuu, uliofungwa, maana mwenye eda haonekani.

Wanawake waliokuwa bombani wakasogea na madebe yao. Kichochoro kikajaa.

"Mwanangu Aidarus," sauti ikatoka ndani, "bomba lina kosa gani?"

"Afya, Bi Mwanakuu. Afya ya mtaa."

"Ni nani aliyeugua?"

Aidarus akapekua daftari la kamati.

"Mtaje basi, tumwombee dua."

Dawoodbhai hakuweza kujizuia. "Waambie tu, Bwana Aidarus. Chumba chako cha kulala kiko juu ya bomba, madebe yanakukatiza usingizi wa mchana."

Kichochoro kizima kikacheka. "Lala, mwenyekiti!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Tutateka kwa kunong'ona!"

Uamuzi ukafutwa hapo hapo. Bomba likabaki konani, na mbaazi za Bi Mwanakuu zikaendelea kuuzwa. Kamati ikarudi ghorofani na benchi lake. Mwisho wa mwaka ilisifiwa na wakubwa kwa mkutano wake wa wazi uliohudhuriwa na watu wengi.

Bi Mwanakuu alinisimulia haya akiwa kikongwe, akichagua mchele. Nilimuuliza jambo moja tu: alipotoka eda, aliwahi kupanda kule juu akakaa kwenye benchi la wananchi?

"Nilikwenda mara moja," akasema. "Waliniamkia vizuri, wakanipa maji ya kunywa, kisha wakazungumza Kiingereza mpaka nikaondoka."