Padi Isiyo na Mashine

Mpaka leo nikilikumbuka lile bango la mjini Kisii, damu inanichemka. Lilitangaza mashine mpya ya gemu, lakini mashine yenyewe haikuonekana popote. Picha ilikuwa ya mikono miwili imeshika padi, kile kidude cha kubonyezea gemu, yenye kioo katikati, na familia nzima inacheka. Basi.

Mama aliliona siku alipotoka hospitali na baba. Kiharusi kilikuwa kimeulegeza mkono wa kulia wa baba, na daktari wa mazoezi alisema vidole vipewe kazi. Mama, ambaye maisha yake yote ni majani chai na ndizi za kijijini kwetu Sironga, akaona dawa pale ukutani. Akanunua padi tu, bila kitu kingine, kama ilivyo pichani.

Tangu augue, baba hakuwa amekanyaga kanisani. Kwetu, ibada ya Sabato ikiisha, tunapanga mstari nje ya mlango na kila mtu anamsalimia kila mtu kwa mkono. Baba hakutaka kuwapa watu mkono wa kushoto. "Wataona nimewadharau," alisema, akageukia ukuta.

Padi haikuwaka. Nikairudisha dukani nikiwa nimefura. Muuzaji mmoja akaniambia, "Hiyo ni ya kuongezea kwa ile mashine ya zamani, madam." Mwenzake akakataa: "Hapana, hiyo inataka mashine yake mpya." Wakabishana mbele yangu. Hata wao hawakuelezwa! Na kwa kuwa boksi lilishafunguliwa, hawakuipokea.

Nilirudi nyumbani na maneno makali mdomoni, na namshukuru Mungu sikuyatoa. Mama aliichukua padi, akaiweka mkononi mwa baba.

"Mzee, wewe bonyeza tu. Si ni vidole vilitumwa kazi?"

Baba akabonyeza, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Mama alikaa kando akichambua mboga za managu, akimshangilia kwamba amefunga bao. Nilitamani kucheka, nikajikuta nafuta machozi.

Sabato moja baba akaitisha koti lake. Ibada ilipoisha nilisimama mstarini karibu na mama, tukimtazama akija polepole, mkono wa kulia mbele, akisalimia mmoja mmoja. Alipofika kwa mama aliushika mkono wake, akakataa kuuachilia. Waliokuwa nyuma yake wakangoja.