Shamba Lililopumzishwa

Mwaka wa pili tangu nihamishiwe Mbinga, nilikuwa nimechoka mpaka nikaanza kuona fahari kuchoka. Kazi yangu ilikuwa kupanga matumizi ya ardhi: kupima, kuuliza wenyeji, kurudi ofisini kuchora ramani. Jumapili wenzangu wakienda kanisani, mimi nilibaki na kompyuta na chai iliyopoa. Mkuu wangu alinisihi nichukue likizo, walau nishuke Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, nikale samaki mbasa. Nikamjibu kwamba ramani haijichori yenyewe. Kiburi cha kijinga kile.

Siku ya kupeleka rasimu ya ramani kijijini, huko mlimani, niliibandika ukutani watu waikague kabla mkutano haujaipitisha. Mama mmoja mjane, aliyenipikia ugali na maharage siku ya kupima, aliisogelea akaweka kidole kwenye mteremko wake. Nilikuwa nimeupaka rangi ya ardhi isiyotumika, ya kugawiwa wengine.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hapa si kwangu hapa?”

“Palikuwa na majani matupu, mama.”

“Na chini ya majani?”

Chini ya majani kulikuwa na ngoro, mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Baada ya misimu kadhaa shamba huachwa majani yaote, kisha majani hayo hufyekwa, hulazwa yakauke, ndipo hufukiwa. Yote haya alikuwa amenieleza. Nilifungua daftari langu, nikakuta neno “limepumzishwa” kwa mwandiko wangu mwenyewe. Niliandika nikasahau, maana siku ile nilipima vijiji viwili, na ramani niliichora nikisinzia.

Mkutano ungeipitisha ramani ile, mama angebaki bila pa kulima, na mimi ningepongezwa kwa kuwahi. Nikaikata rangi ile kwa kalamu nyekundu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nikaomba radhi watu wote wakisikia.

Mama hakunikaripia, ingawa nilistahili. Aliyatazama macho yangu mekundu.

“Na wewe wanakupumzisha lini?”

“Kazi ni nyingi, mama.”

“Shamba lenye mwenyewe hupumzishwa. Wewe huna mwenyewe, mwanangu?”

Watu wakacheka. Mimi nikaibandua ramani, nikaikunja taratibu ili wasinione usoni, kwa sababu nilikuwa nalia.