Filamu Aliyoiona Dada

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba waigizaji wa ng'ambo humpigia simu mfasiri wetu wa mtaa wa Mbugangari kabla filamu haijafika hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ili wapatane maneno. Mfasiri ni yule anayekaa kando ya televisheni na mikrofoni, anazima sauti zao, kisha anawasemea wote: bibi, bwana, hata mbwa. Watu walidai ana simu tatu. Mimi, mwenye cheti cha shule ya jioni, nikaongeza ya nne.

Dada yangu mkubwa, fundi wa nguo, alikuwa amerudi kwa mama na wanawe wawili. Shemeji alikuwa amempiga mpaka jicho likafumba, na safari hii dada aliapa harudi. Jumapili mchana mafundi wenzake wakamvuta twende naye sinema, acheke kidogo.

Filamu ilitoka kwenye riwaya aliyotusimulia mwalimu wetu wa Kiingereza. Kwenye kitabu, alisema, kipigo chenyewe hakitajwi sana. Kinachojaa ni mke anayesikiliza ufunguo mlangoni, ajue leo anaingia mume gani. Kwenye filamu kofi la kwanza lilipotua, mfasiri akapaza sauti: "Bon! Hiyo ni ya maharage yenye kuungua!" Tulicheka mpaka mabati yakataka kuvuka mpaka kwenda Goma. "Ongeza, papa, na chumvi iko kidogo!" Dada alikuwa amejifunika kitenge hadi puani.

Mwishoni mke anasimama mlangoni na sanduku, watoto nyuma yake, anamwambia mume maneno marefu, kisha wanatoka. Mfasiri akalainisha sauti. "Sheri, unisamehe, ni mi nilikukasirisha. Naenda kwa mama mukwe atupatanishe."

Tukapiga makofi! Kwetu ndivyo mambo haya yanavyomalizwa: wakwe wanaketi, bia ya mtama inanyweka, mke anarudi jikoni.

Jumatatu dada akafunga mizigo.

"Unaenda wapi, mama?" mama akamuuliza.

"Kwa wakwe. Hata yule wa filamu, na masomo yake yote, aliomba musamaha. Mi ni nani?"

"Ile ni filamu tu, mwanangu."

"Wameitoa kwenye kitabu, mama. Watu wa vitabu wanajua."

Wiki iliyofuata nilimkuta kwake, ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Aliniambia ameungua na pasi, na hakuinua macho.

Jioni hiyo nikamuuliza mwalimu, aliyekulia Uganda na kukiongea Kiingereza tangu utoto, kwa nini filamu ilibadilisha mwisho wa kitabu, maana kwenye kitabu alituambia mke haombi msamaha.

"Haikubadilisha," akasema. "Niliitazama nyumbani, na sauti yake yenyewe. Pale mlangoni anamwambia mume, 'Usitufuate. Sirudi tena.' Mfasiri wenu hajui Kiingereza. Anatunga tu."