Mama Belinda Analipa Kukimbizwa

Calist alirudi Singida kutoka Dodoma akiwa na trakisuti ya buluu, filimbi shingoni na kazi ambayo hakuna mtu mtaani kwao aliyewahi kuisikia. Alikuwa mwalimu wa mazoezi. Siyo mwalimu wa shule, alieleza, wala siyo kocha wa mpira. Yeye anamchukua mtu mzima mwenye akili zake, anamkimbiza, anamwinamisha, anamnyanyulisha vitu vizito mpaka jasho limtoke, kisha mtu huyo anamlipa na kusema ahsante.

Mama yake, Selina, alikuwa ndiyo kwanza anatoka bombani. Alitua ndoo, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeamka na homa.

"Wanakulipa ili uwachoshe?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa hapa Singida?"

"Popote, mama. Dar watu wanafanya hivyo kila siku."

"Dar wana lifti. Hapa kuchoka ni bure, mwanangu, tena kunakufuata mpaka mlangoni."

Calist hakukata tamaa. Alibandika matangazo kwenye nguzo za umeme kuanzia stendi mpaka sokoni, yenye picha ya tumbo la mzungu asiye na kichwa. Simu zikaita kweli. Waliopiga wote waliuliza swali moja: hiyo dawa ni ya kunywa au ya kupaka? Wakiambiwa ni ya kukimbia, walikumbuka ghafla kwamba wako kikaoni. Watumishi wa ofisini walikuwa waungwana zaidi, wao walimwahidi Jumatatu. Jumatatu zikaja na kupita, na vitambi vikaendelea kwenda kazini kama kawaida, vikitangulia wenyewe.

Habari zilimfikia mjomba wake, Filipo, aliyekuwa na ng'ombe na mashamba ya alizeti upande wa Mungaa. Huyo ndiye aliyemsomesha Calist mjini tangu baba yake afariki, na katika ukoo ule neno lake halikuwa na rufaa. Alikuja mjini, akaketi, akanywa uji wake wote kabla ya kufungua mdomo.

"Nasikia unatafuta watu wanaotaka jasho."

"Ndiyo, mjomba."

"Nipe mimi. Nitawapa jembe. Jioni watakuwa wembamba kama fito, na shamba langu litakuwa limepaliliwa."

"Mjomba, hii ni taaluma."

"Hata kuchunga ni taaluma. Jaribu kumwambia dume arudi zizini kwa cheti." Akafuta mdomo. "Sikiliza, mpwa wangu. Sikukatazi. Lakini alizeti zikiinamisha vichwa, kama sijamwona mteja wako kwa macho yangu, na kumsikia kwa masikio yangu akisema huyu ndiye mwalimu wangu, unakuja kuchunga. Na hilo vazi la buluu uje nalo, ng'ombe watakuona kwa mbali."

Mungu hamtupi mja wake, ila wakati mwingine humjibu kwa mzaha. Mteja alipatikana, na alikuwa wa mwisho katika mji mzima ambaye ungempata akisema lolote mbele ya watu.

Aliitwa Mama Belinda, mke wa mwenye mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mumewe hakuwahi kuweka bango barabarani kwa sababu hakulihitaji. Mke akipita kwenda kanisani, taratibu, kitenge kikihesabu kila hatua, watu walijua biashara inakwenda vizuri. Sasa daktari alikuwa amemwambia kwamba presha imepanda, sukari inanyemelea, na magoti yamechoka kubeba utajiri wa mumewe. Apunguze mwili, upesi.

"Nitakulipa vizuri," alimwambia Calist, huku amefunga mlango na madirisha yote. "Lakini mtu akijua, nimekwisha. Unawajua watu wa hapa. Nikipungua, siku ya kwanza watasema mume wangu amefilisika. Siku ya pili watasema ananitesa. Siku ya tatu wataanza kuninong'onea magonjwa. Wewe, ukiulizwa, umekuja kutazama mashudu."

Basi Calist akawa mtu wa mashudu. Kila asubuhi waliingia stoo nyuma ya mashine, kati ya magunia ya makapi ya alizeti yanayolishwa mifugo, na humo Mama Belinda aliruka, aliinama na kumwomba Yesu. Angekwenda mbali kama si jambo moja. Yeye alikuwa mwanamke aliyelelewa, na mwanamke aliyelelewa hamtoi mgeni nyumbani kwake na midomo mikavu. Mazoezi yakiisha, meza ilikuwa tayari: kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda, na mafuta ya alizeti yaliyotoka mashineni hayajapoa.

"Mama, hivi ndivyo vitu tunavyotaka kuviondoa," Calist alijaribu.

"Kula, mwanangu. Unataka majirani waseme nimekufukuza na njaa?"

Na mwenyeji haachi mgeni ale peke yake. Wakala wote wawili, siku baada ya siku. Mizani ya Calist haikumwonyesha Mama Belinda amepungua hata ukucha, ila trakisuti ya buluu ilianza kubana kiunoni. Selina alifurahi kupita kiasi. "Sasa naamini kazi ipo," aliwaambia majirani. "Mwoneni alivyonawiri!"

Mjomba hakuwa mtu wa kuridhishwa na kunawiri. Calist alipompigia simu kumwambia amepata mteja, aliuliza, "Nani?"

"Siwezi kumtaja, mjomba. Ni siri ya kazi."

"Mteja asiyetajika ni jini. Na majini hayana vitambi. Huku alizeti zimeshafungua maua, nakukumbusha tu."

Ikabidi Calist afanye jambo. Akamwambia Mama Belinda ukweli: stoo haitoshi, meza inawashinda, inatakiwa kukimbia nje, mbio za kweli, kwenye hewa. Mama Belinda alifikiri. Mjini haiwezekani, hata ufukweni mwa ziwa Singidani kuna macho. Lakini kwao alikozaliwa, kitongoji kimoja upande wa Mungaa, kwa kaka yake Clement, kulikuwa na njia iliyopita katikati ya mashamba. Alizeti zimesimama pande zote mbili, ndefu kuliko mtu. Nani ataona?

Calist alijua kwamba ng'ambo ya korongo la kitongoji hicho ndiko aliko mjomba wake. Lakini mteja ni mteja.

Wakaenda, wakalala kwa Clement, na kulipopambazuka wakaingia njiani. Mama Belinda alivaa raba za bintiye na suruali ambayo aliifunika kwa khanga mpaka walipoziacha nyumba nyuma. Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa. Calist alizitazama, akaongeza sauti.

"Mbele, mama! Mikono! Pumua kwa pua!"

Mama Belinda alikwenda. Haikuwa mbio hasa, lakini haikuwa kutembea tena. Calist, nyuma yake, moyo ulimjaa matumaini. Dodoma walimfundisha kwamba mwanafunzi akilegea, mpulizie filimbi aongeze mwendo. Mama Belinda alipolegea, Calist aliiweka filimbi mdomoni akaipuliza kwa nguvu zake zote. Akarudia. Akarudia tena.

Mtoto wa mjini huyo. Mjini filimbi ni ya mpira na ya trafiki. Kule filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji, nayo hulia kwa jambo moja: ng'ombe wameibwa. Ikilia, mwanaume anaacha uji na kuchukua fimbo. Haulizi kwanza, anakwenda.

Yowe la kwanza lilitoka upande wa kulia. La pili likalipokea upande wa kushoto. Kisha mlio ukavuka korongo. Mara alizeti zikaanza kutikisika, na wanaume wakachomoza wakiwa na fimbo, pinde na mapanga, mmoja na mswaki mdomoni. Kanuni yao ni nyepesi wala haijawahi kuwaangusha: anayepuliza filimbi ndiye aliyeibiwa, anayekimbia mbele ndiye mwizi.

"Huyo! Huyo! Mzungukeni!"

Mama Belinda aligeuka akaona anayefukuzwa ni yeye. Jambo ambalo filimbi, stoo na mawaidha ya daktari vyote vilishindwa kulifanya, likafanyika. Alikimbia. Alikimbia na magoti yake na presha yake, akaruka mfereji, akapasua shamba la watu, akawaacha vijana wa sungusungu wakishika viuno. Alipoufikia ua wa Clement aliufunga mlango wa miti kwa mgongo wake, akaketi chini.

"Jamani," bibi mmoja alichungulia juu ya ua, "huyu si dada yake Clement? Yule wa mjini?"

Fimbo zikashuka, ila kilichozipandisha kilihitaji maelezo. Kikao kikakaa pale pale uani, Mzee Anselm, mwenyekiti wa kitongoji, akiwa kwenye kiti na waliobaki chini. Na hapo, kutoka upande wa korongoni, akatokea mjomba Filipo mwenyewe, fimbo begani. Naye alikuwa ameitikia yowe. Alimwona mpwa wake katikati ya duara ndani ya trakisuti ya buluu. Aliketi tu, kwa starehe, kama mtu aliyepata nafasi nzuri ngomani.

"Kijana," alisema Mzee Anselm, "filimbi hailii bure hapa. Umeibiwa nini?"

"Sijaibiwa, mzee."

"Basi ulipuliza kwa nini?"

Neno moja lilitosha. Huyu ni mteja wangu. Mjomba yupo, masikio yamesimama, mashahidi wamejaa ua. Calist alimtazama Mama Belinda, na Mama Belinda alimtazama kwa jicho la mtu anayezama.

"Nilikuwa naijaribu, mzee. Kama inalia."

Uani mtu akacheka puani.

"Inalia," alisema Mzee Anselm. "Tumesikia wote. Anayeamsha kijiji bure analipa mbuzi. Una mbuzi?"

"Hana," alijibu mjomba kutoka alikokaa. "Nitamtolea mimi. Atanilipa kwa kuchunga."

Na mambo yangeishia hapo, Calist na ng'ombe wake, kama mabibi wa kitongoji wangekuwa na adabu ya kunyamaza. Lakini walikuwa wamemzunguka Mama Belinda, wanamfuta vumbi, na yule aliyechungulia juu ya ua alikuwa anauliza kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka kwa jirani.

"Tuambie sisi mama zako. Mwanamke mzima hakimbii alfajiri bila sababu. Mume amekufukuza?"

"Hapana, bibi."

"Anakupiga?"

"Hanipigi!"

"Usimfiche, mwanangu. Clement, andaa watu, twende mjini tukamwulize huyo shemeji yako alipoupata huo ubavu."

Clement akasimama kweli. Mama Belinda akaona safari nzima ikimjia: wazee wa kwao wamejazana mlangoni kwa mumewe na fimbo zao, na mji mzima unatazama. Alipima aibu na aibu. Akajiinua, akajifunga khanga vizuri.

"Kaeni, baba zangu. Mficha uchi hazai. Mume wangu hana kosa. Daktari ameniambia nipunguze mwili, la sivyo nitakufa. Huyu kijana ni mwalimu wangu. Namlipa anikimbize."

Bibi alimsogelea.

"Unamlipa?" aliuliza bibi.

"Namlipa."

"Akukimbize?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, si ungeniambia mimi! Nina fimbo nzuri, na nisingekudai kitu."

Uani kukalipuka. Watu walicheka mpaka Mzee Anselm akavua kofia akajifuta macho nayo. Mama Belinda aliwatazama, na alipoona anga halijaanguka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu daktari amwambie. Kisha akasema mbuzi ni wake, aliyeajiri ndiye anayelipa, Clement akamlete beberu mmoja kutoka zizini.

Mjomba Filipo peke yake hakucheka. Alimwendea Mama Belinda, akamsalimia kwa heshima, akauliza taratibu, "Hebu nisikie tena, mama. Huyu ni nani wako?"

"Mwalimu wangu."

"Wa kukimbia?"

"Wa kukimbia. Hukuniona nilivyokimbia?"

"Nilikuona nikiwa korongoni." Akamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye raba. "Mteja nimemwona. Mwembamba bado sijamwona. Lakini hatukuandikiana mwembamba." Akachukua fimbo yake, akabaki kula supu ya yule beberu.

Mjini walifika wakakuta habari zimeshakaa na kunywa chai. Walisema Mama Belinda amewashinda mbio sungusungu wa kijiji kizima, na wengine walisema aliwashinda akiwa na gunia kichwani. Wake wawili wa watumishi walimpigia Calist, na safari hii hawakuuliza dawa. Mama Belinda mwenyewe hakuwa tena na siri ya kulinda, na kila mwisho wa wiki alirudi kwa Clement kukimbia, mchana kweupe, bila filimbi, kwa amri ya mwenyekiti.

Tatizo likawa salamu. Mtu mzima humpiti mkubwa wako ukihema kama mbwa. Unasimama, unaamkia, unajibu ya nyumbani. Kila baada ya shamba palikuwa na mkubwa amesimama njiani, na baadhi yao, ilionekana wazi, waliamka mapema kwa ajili hiyo tu. Calist akamfundisha mteja wake kuamkia huku miguu inakwenda pale pale.

Mjomba Filipo alivuka korongo kila Jumamosi kuja kusimama njiani.

"Shikamoo, mjomba," alisema Calist, akirukaruka.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na majirani? Na yule aliyekuwa anaumwa jino?"

"Wote hawajambo, mjomba, tunapoteza joto."

"Joto gani? Salamu haina haraka. Mama Belinda, mume hajambo? Mashine inakamua?"

"Inakamua," alihema Mama Belinda, miguu ikienda.

Mjomba aliuliza habari za mafuta, za mashudu, za mvua, za mchungaji. Aliuliza kwa utulivu, mikono yote miwili juu ya fimbo. Ni Mama Belinda aliyetazama chini akaona, chini ya hiyo fimbo, viatu vya matairi vya mzee wa watu vikinyanyuka kimoja kimoja, pole pole, bila mwenyewe kuwa na habari. Akamkonyeza Calist. Calist alipunguza tu mwendo kidogo, ili mzee asiachwe.