Bi Edelmira na Nadhiri ya Kilele

Wote waliomjua Bi Edelmira Rangel walijua mambo mawili: peremende zake za maziwa hazikuwa na mfano mji mzima wa Mérida, na shingoni alikuwa na nadhiri ambayo hajaiondoa.

Nadhiri hiyo aliiweka wakati mwanawe Alirio alipokuwa mchanga, kifaduro kimemkaba hata midomo imebadilika rangi. Edelmira alitoka uani, akainua macho kwenye kilele cha mlima inakosimama sanamu ya Bikira Maria wa Theluji, akasema, "Mama, niachie huyu, nami nitapanda mpaka hapo ulipo kwa miguu yangu mwenyewe." Alirio akapona. Leo ana ndevu na watoto, na akilala anakoroma kama trekta.

Mama mtu ndiye hakupanda. Mwaka huu mimba, mwaka ule mume mgonjwa, mwaka mwingine mvua. Mlima haukimbii, alikuwa akisema. Kweli haukukimbia, yaliyokimbia ni magoti. Siku aliposhindwa na ngazi za kanisa ndipo hofu ikamwingia. Kwetu huku mtu akifa na nadhiri hapumziki. Hurudi usiku kuwavuta wanawe miguu, mpaka wao wakaiondoe. Bi Ninfa ni shoga yake wa tangu utoto; mama yake Ninfa alipokufa aliwavuta watu miguu hadi nyumba nzima ikawa inalala na viatu.

"Mama, nitakupandia mimi," Alirio akamwambia.

"Wewe, na kifua hicho cha sigara? Nikuombee uhai, kisha nikupeleke ukafie huko? Niliahidi miguu yangu mimi."

Akaenda kwa padri. Padri akamwambia Mungu hutazama moyo, hatazami miguu. Panda gari la waya, lile linaloning'inia hadi kileleni, mama, ukasali. Edelmira akarudi kwake ananung'unika. Padri yule ametoka Maracaibo, na watu wa nchi ya joto wanajua nini habari za milima? Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni.

Bi Ninfa ndiye aliyekata shauri. "Kesho tunapanda gari. Bikira akikukataa, atakukataa ukiwa umefika. Hapa jikoni hakuna wa kukukubali wala wa kukukataa."

Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Wakajifunga mashali, Ninfa akabeba kapu la sambusa za jibini, wakaingia kwenye behewa pamoja na wageni waliotoka Caracas na makoti ya kuazima. Behewa likang'oka, mto Chama ukabaki chini kama uzi. Watu wakashika vyuma. Edelmira akaanza kunyanyua miguu: kushoto, kulia, kushoto, kulia, palepale alipo.

Ninfa akamtazama. "Mwenzangu, umebanwa na mkojo?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi, na dirisha ni lile lile?"

"Niliahidi kupanda kwa miguu yangu. Miguu hii inatembea, na kupanda tunapanda. Lawama yangu iko wapi?"

Ninfa akacheka hata machozi yakamtoka. "Bikira atadhani una siafu!"

Kijana wa behewa akasogea kwa adabu. "Bibi, tulia kidogo, tunayumba."

"Unayumba wewe. Mimi nina safari."

Wale wa Caracas wakaanza kumpigia makofi ya mwendo. Edelmira hakuwajali. Katika kila stesheni walibadili behewa, naye katika kila behewa akaendelea na safari yake, taratibu zaidi, maana huko juu pumzi ni ya kutafuta. Walipofika Loma Redonda, stesheni ya mwisho kabla ya ile ya juu, Ninfa hakuwa akicheka tena.

"Edelmira, kaa! Umekuwa mweupe kama jibini."

"Nitakaa. Hata wapanda mlima hupumzika."

Alipokaa tu, upepo ukaanza. Wakatangaziwa kwamba kipande cha mwisho kimesimamishwa, na huenda kisifunguliwe tena siku ile. Wageni wengine wakashuka zao. Edelmira akashika kikombe cha chokoleti asikinywe, anatazama ukungu uliokimeza kilele. "Ananikataa, Ninfa. Kaona hila yangu."

"Upepo huvuma kila siku, hata usipokuja wewe. Usijione mkubwa."

Wakangoja. Chokoleti ikapoa. Mwishowe nyaya zikaanza kusogea, na Edelmira akawa wa kwanza mlangoni.

Kutoka stesheni ya juu hadi kwa Bikira kuna ngazi, nazo hakuna gari la kuzipanda. Barafu nyembamba ilikuwa imezishika. Ninfa akampa bega, Edelmira akalikataa. Akaweka mguu mmoja, akauvuta wa pili ukaungane na mwenziwe, akashika magoti, akahema, kisha tena. Waliokuwa nyuma wakangoja bila kumhimiza. Huko hakuna aliyepiga makofi.

Akafika mbele ya ile sanamu nyeupe, shali limemwangukia mabegani.

"Mama, nimekuja. Njia nyingine nimebebwa, nyingine nimetembea, na wewe ulikuwa ukiniona, sina la kukuficha. Kama imetosha, ahsante. Kama haikutosha, nidai mimi leo nikiwa hai. Alirio mwache."

Upepo ukapita. Ninfa akangoja, akashindwa. "Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Na wewe unajisikiaje?"

Edelmira akajichunguza ndani kama anayetafuta ufunguo mfukoni. Aliitafuta ile hofu mahali ilipozoea kulala, hakuikuta. Akaitafuta tena, polepole, asije akajidanganya. Haikuwapo.

"Njaa," akasema. "Ninfa, nina njaa!"

Wakaegemea ukuta penye kijua. Edelmira akala sambusa zake, akala na nusu ya za Ninfa, na mgeni mmoja wa Caracas alipomwomba asimame apigwe picha na sanamu, akamwashiria kwa kidole kilichojaa mafuta angoje kwanza, bado anatafuna.