Sita kati ya Saba

Katika zahanati nyingine ninazozungukia, fomu yangu ya kupima ubora wa mwongozo wa taifa wa matibabu hujazwa kabla chai haijapoa. Mganga mfawidhi wa zahanati hii ya Kasoli huijaza kwa penseli. Husoma kila swali mara mbili, midomo ikicheza, kisha hufungua mwongozo wenyewe, ambao kurasa anazozitilia shaka amezitia nyuzi za pamba. Leo alifika kwenye swali la wagonjwa: je, maoni yao yalitafutwa mwongozo ulipoandikwa? Akaandika sita kati ya saba. Akaitazama ile sita, akainuka na mwongozo wake mpaka kwenye benchi, kwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa.

“Mayu, mama yangu, humu wameandika mtoto akizidiwa aletwe mara moja. Walikuuliza?”

“Aniulize nani? Wangeniuliza ningewaambia mto ukijaa hakuna mara moja.”

Alirudi, akaifuta sita taratibu, akapuliza vumbi la raba, akaandika moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ileile ya upole, habari ya mto aiandike wapi. Niliigeuza fomu yangu mbele na nyuma. Nafasi haikuwepo.