Sarafu ya Baba Neema

Nawasimulia mwenyewe kabla Neema hajawasimulia: mimi ndiye niliyeharibu sadaka mnadani, mbele ya usharika mzima, na sadaka yenyewe ilikuwa ya mzee niliyetaka anikubali kuwa mkwe.

Neema alinipeleka kwao, huko juu Meru, baba yake anione, na njiani akanionya, "Leo usimhoji mtu." Nikaitikia. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka (mnaujua, mikungu ya ndizi, mayai, jogoo kafungwa miguu), mara mzee wa kanisa akainua sarafu inayong'aa, ina picha ya twiga, imefungwa ndani ya kikasha cha plastiki, akasema ni sarafu ya kumbukumbu, Baba Neema ameitoa kushukuru kupona mguu, kisha akaanza kusoma karatasi yake ndefu ambayo sikuisikiliza, kwa sababu kichwani nilishaanza upelelezi. Dhahabu? Mnada mmoja na jogoo? Na yule bwana mwenye koti, aliyepanda kutoka Kijenge, mjini Arusha, mbona anapandisha bei peke yake, wamepangana na mzee wa kanisa?

Ikapitishwa tuione. Nikasema nihakikishe kidogo tu (hapo ndipo nilipojimaliza). Kava la simu yangu lina sumaku, nikabandua kikasha kwa ufunguo, nikaisogeza, ta! Ikanasa.

"Chuma!" nikapaza sauti. "Jamani, hii ni chuma!"

Aliyejibu ni jogoo peke yake.

"Kijana," mzee wa kanisa akasema, "si nimesoma hapa sasa hivi? Chuma kilichopakwa dhahabu."

Bwana wa Kijenge akaziangalia alama za vidole vyangu juu ya twiga. "Mimi nakusanya hizi. Ikishafunguliwa, siitaki."

"Mpeni na jogoo ampime!" mama mmoja akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ikabidi niinunue mwenyewe, nikatoa mpaka nauli. Baba Neema akaja taratibu, bado anachechemea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na Neema je, yeye utampima na nini?"

Neema hakunitetea. Kwao sijaitwa tena. Mashaka bado ninayo, hilo siwafichi, ila nimeapa: mtu akisoma karatasi, nitafunga mdomo na mikono nitaiweka mfukoni mpaka afike mwisho.